Usiku wa Tokyo na Kamera ya Kuazima

Shemeji yangu ni afisa wa polisi, na kama wafanyavyo wenye kazi hiyo, hatoi kitu bila ya maagizo. Aliponikabidhi kamera yake jioni ya mwisho kabla ya safari, alinipa maagizo mawili tu. La kwanza, nisiilowanishe. La pili, nisimletee picha za majumba. "Majumba ya Tokyo tumeyaona ya kutosha katika kalenda," alisema. "Mimi niletee watu. Niletee sura za Wajapani."

Hayo, ndugu msomaji, ndiyo yaliyonitoa kitandani usiku baada ya usiku katika mji wa ugenini, nami si mpiga picha wala sijapata kuwa mpiga picha.

Ilikuwa mwezi wa Novemba, mwaka 2023. Nilikuwa miongoni mwa watumishi wa serikali kutoka nchi mbalimbali walioalikwa Japani kwa mafunzo ya majuma matatu juu ya utunzaji wa majalada na kumbukumbu za ofisi. Mafunzo ya namna hiyo hupangwa na JICA, shirika la ushirikiano la serikali ya Japani lililoundwa mwaka 1974, na wako wengi katika wizara zetu waliokwisha kupita njia hiyo. Tulilala katika mtaa wa Hatagaya, vituo viwili tu vya treni kutoka Shinjuku. Mchana kutwa tulikuwa darasani, na mwezi huo jua la Tokyo huzama kiasi cha saa kumi na nusu, hata tukitoka darasani giza limekwisha kutanda. Basi kama ni kuwaona Wajapani, ilinibidi niwaone usiku.

Tena usingizi wenyewe haukuwapo. Tokyo imeitangulia Kampala kwa saa sita, na mwili wangu ulikataa katakata kuambiwa kwamba jioni ni usiku wa manane. Saa yangu ya mkononi sikuigeuza. Niliiacha na majira ya nyumbani ili nijue watoto wamelala au wameamka. Siku ya pili niligundua jambo lililonichekesha peke yangu chumbani. Sisi tusemao Kiswahili huanza kuhesabu saa tangu mapambazuko, kwa hiyo mshale ukiwa juu ya 12 sisi husema ni saa sita. Tofauti hiyo ni ile ile iliyoko baina ya Tokyo na Kampala. Ikawa saa ya Kampala, mkononi mwangu, inasoma majira ya Tokyo kwa Kiswahili safi! Usiku wa manane mshale ulionyesha 6, nami nikasema ni saa sita usiku, na kweli ilikuwa saa sita usiku.

Shinjuku ni kituo cha treni, lakini neno kituo halitoshi. Hupita hapo watu zaidi ya milioni tatu kwa siku, na milango ya kutokea ni zaidi ya 200. Usiku wa kwanza nilitoka kwa mlango mmoja na nikarudi kwa mwingine baada ya kutembea nusu saa nikiutafuta ule wa kwanza. Watu walipita kama maji ya mto. Hakuna aliyenitazama. Mtu mweusi mrefu mwenye kamera shingoni, katika mitaa yetu angalifuatwa na watoto. Hapo nilikuwa kama nguzo ya umeme. Nikajisemea moyoni kwamba kazi ya shemeji itakuwa nyepesi.

Upande wa magharibi wa kituo kiko kichochoro kiitwacho Omoide Yokocho, maana yake kichochoro cha kumbukumbu. Kilianza kama soko la magendo mara baada ya Vita Kuu ya Pili, wakati Tokyo ilipokuwa majivu na watu wana njaa. Sasa ni vibanda vya kulia, kila kimoja hakizidi upana wa chumba cha askari kambini, na ndani yake wateja saba au wanane wamekaa bega kwa bega wakila nyama ya kuku iliyochomwa juu ya makaa kwa vijiti. Ule moshi ulinipokea kama ndugu. Ulikuwa moshi wa muchomo kabisa, moshi wa Kampala siku ya Ijumaa, na kwa furaha hiyo nikainua kamera nikaielekeza kwa mpishi aliyekuwa akipepea makaa.

Mpishi akaikutanisha mikono yake mbele ya kifua, mkono juu ya mkono, mfano wa msalaba uliopinda. Nilidhani ananionyesha nguvu zake, nikacheka, nikapiga. Akakutanisha mikono mara ya pili, safari hii bila ya tabasamu, na wateja wote wakaacha kula. Mzee mmoja aliyekaa mwishoni akaniashiria kwa kidole kibao kilichotundikwa juu ya mlango: mchoro wa kamera, na juu yake mstari mwekundu. Mikono iliyokingamana, kwa Wajapani, ni kusema hapana. Niliinama mara tatu nikaondoka, na masikio yangu yalikuwa ya moto kuliko yale makaa.

Mtu mwenye busara angalirudi kulala. Mimi nilijifunza ujanja badala ya adabu. Nikaishusha kamera hadi tumboni, nikawa napiga bila ya kutazama, kama mwizi afunguaye droo huku macho yake yako dirishani. Kwa njia hiyo nilipata viatu vingi na visogo vingi.

Ndipo usiku wa nne nikampata mtu aliyelala.

Treni za Tokyo hukoma usiku. Ya mwisho huondoka kiasi cha saa sita na nusu, nyingine mapema zaidi, na hazirudi mpaka alfajiri saa kumi na moja hivi. Aliyekawia kazini au kwenye kinywaji akaikosa, ana mambo matatu: teksi, ambayo bei yake hutia kizunguzungu; nyumba ya kulala wageni; au barabara. Mtu wangu alikuwa amechagua barabara. Alilala juu ya ngazi za duka lililofungwa, amevaa suti nyeusi na tai, mkoba wake chini ya kichwa. Lakini kilichonishika ni viatu. Alivivua akaviweka pembeni sawasawa, ncha zake zikitazama nje, kama avuavyo Mjapani mlangoni pa nyumba yake. Hapana shaka katika ulevi wake aliamini kwamba amefika nyumbani.

Hakuwapo mtu wa kunizuia. Nilipiga picha tatu, kwa utulivu, nikichagua pa kusimama. Ya tatu, naapa, ilikuwa picha. Taa ya mtaa ilimwangukia usoni, nao ule uso wa mtu wa makamo uliochoka ulionekana hata ndevu zilizoanza kuchipua. Nikaona tayari shemeji anavyoitundika ukutani.

Nilikuwa bado naitazama niliposikia breki ya baiskeli. Askari polisi kijana alishuka katika baiskeli nyeupe, akaja akachutama karibu na yule bwana, akamgusa begani akisema naye kwa sauti ya chini kama amwamshaye mgonjwa. Bwana akaketi. Akatafuta viatu vyake, akavivaa, akainamisha kichwa mbele ya askari mara nyingi. Kisha askari akanitazama mimi, akaitazama kamera, akatuashiria sote wawili tumfuate ng'ambo ya barabara.

Huko ng'ambo palikuwa na kile wakiitacho koban, na hapa naomba niwasimulie hasa wasomaji walio askari. Koban ni kituo kidogo mno cha polisi: chumba kimoja, taa nyekundu mlangoni, meza, viti, na ramani kubwa ya mtaa ukutani. Vilianza Tokyo mwaka 1874, na leo nchi nzima viko zaidi ya 6,000. Askari wake huzunguka mtaa kwa miguu au baiskeli, huwajua wenye maduka, huelekeza waliopotea njia, hupokea miavuli na pochi zilizookotwa. Aliyepoteza fedha zake zote Tokyo anaweza hata kukopeshwa hapo nauli ndogo ya kurudia kwake. Huko mashambani upo mtindo mwingine, askari kukaa na familia yake katika nyumba iliyoungana na kituo, na mara nyingi mke ndiye anayewapokea wenye shida mumewe akiwa doria. Singapore iliuiga utaratibu huu wa vituo vya mitaani mwaka 1983. Sikuona silaha mezani wala sikusikia sauti ikipandishwa, na mlevi alipewa kiti kabla yangu.

Nilitoa pasi yangu ya kusafiria, kwani mgeni huko ni lazima atembee nayo. Askari akaisoma, akanirudishia kwa mikono miwili. Kisha akatoa simu yenye programu ya kutafsiri, akasema neno, nayo simu ikanitolea Kiingereza chake kikavu: Je, mtu huyu anajua kwamba umempiga picha?

Nikasema hajui.

Askari hakuamuru kitu. Aliniomba tu nimwonyeshe mwenye picha. Yule bwana aliitazama muda mrefu, kamera ameishika kama mtu ashikaye barua ya msiba. Nilitazamia akasirike, na ingalikuwa afadhali. Badala yake akaniinamia mimi, mimi niliyemwibia, akasema maneno machache ndani ya simu. Simu ikasema: Nina binti. Tafadhali asinione hivi.

Ndugu msomaji, pale kwenye kiti cha koban nilimkumbuka bibi yangu mzaa mama. Katika miaka ya tisini, nilipokuwa mtoto huko Kigezi, magari ya watalii waendao kutazama sokwe wa Bwindi yalikuwa yakipita barabara yetu. Siku moja gari lilisimama, dirisha likafunguliwa, wakampiga picha bibi akiwa ameinama shambani na nguo yake ya kazi iliyochanika. Gari likaondoka. Bibi alisimama na jembe lake mpaka vumbi likatulia. Aliishi miaka mingi baada ya siku ile, na kila gari la watalii lilipopita alisema neno lile lile: "Sijui uso wangu umelala nyumbani kwa nani."

Nilizifuta zote tatu mbele yao. Ya tatu niliichelewesha kidogo, sitaficha.

Siku ya pili nilimsimulia mmoja wa wakufunzi wetu mkasa huo, naye akanieleza kwamba jambo hilo limekwisha kufika mbele ya mahakama ya juu kabisa ya nchi yao. Katika maandamano ya mwaka 1962 huko Kyoto askari aliwapiga picha waandamanaji, na kijana mmoja akamshambulia na kumjeruhi. Tarehe 24 Desemba, 1969 mahakama ikaamua kwamba kila mtu anao uhuru wa kutopigwa picha ya uso wake pasipo ridhaa yake, na hata polisi hawaruhusiwi kuuvunja bila ya sababu ya haki. Hata hivyo kijana alishindwa kesi. Mahakama iliona kwamba askari alikuwa akichukua ushahidi wa kosa lililokuwa likitendeka wakati ule ule, tena kwa njia isiyopita kiasi. Hukumu ya namna hiyo, mwenye kazi ya polisi ataiona ina pande mbili, na zote mbili ni zake.

Lakini nirudi usiku ule. Treni zilikuwa zimekwisha, teksi siiwezi, nikaamua kwenda kwa miguu. Ni mwendo wa dakika arobaini hivi kwa kuifuata barabara kuu ya Koshu Kaido. Baridi ya Novemba hupenya koti. Nilitembea kamera nimeifungia ndani ya mkoba, na sikuwa na haja ya sura ya mtu yeyote.

Katikati ya njia nilikuta barabara inachimbwa. Tokyo kazi za barabara hufanywa sana usiku ili mchana magari yapite. Palikuwa na taa kali, mashine, vijana ndani ya shimo, na mwanzoni mwa uzio alisimama mlinzi mwenye kofia ngumu, kizibao cha kung'aa na kijiti cha taa nyekundu mkononi. Kila apitaye alimwonyesha njia kwa kijiti kile na kumwinamia, hata mwendesha baiskeli asiyemtazama. Nilipokaribia nikaona ni mzee. Si jambo la ajabu nchini humo: katika kila Wajapani 100, kiasi cha 29 wamefikia umri wa miaka 65, na mmoja kati ya kila wanne wa umri huo bado anafanya kazi. Walinzi wa barabarani wengi ni wazee hao.

Sasa, Kijapani hakimsumbui sana ulimi mtu wa Kiswahili, kwa kuwa karibu kila silabi huishia kwa irabu. Nami darasani nilikuwa nimejifunza neno moja lililonipendeza kuliko yote, kwa sababu Kiingereza hakina. Wao humwambia mtu aliye kazini, otsukaresama desu. Ni pole na kazi yetu hii hii. Ni gyebale ya Waganda. Nikalisema.

Mzee aligutuka. Akanitazama kutoka chini hadi juu, kisha akacheka mpaka kijiti kikatikisika, akanirudishia maneno yale yale kwa kuinama sana. Tukaanza mazungumzo, yeye akiongoza watu, mimi nikiinua simu yangu kila anapopata nafasi. Ana miaka 72. Zamani alikuwa fundi kiwandani. Mimi nikamwambia natoka Uganda. "Afurika!" akasema, na akamwita kijana mmoja aliyekuwa shimoni aje anione. Akaniuliza kama kwetu barabara huchimbwa usiku. Nikajibu kwamba kwetu huchimbwa mchana, na wakati mwingine huachwa hivyo hivyo mpaka usiku. Sijui simu ilitafsirije, lakini walicheka wote wawili.

Kisha akauona ukanda wa kamera ukining'inia nje ya mkoba. Akauashiria, akajigusa pua, ndivyo waonyeshavyo nafsi zao. Anataka apigwe picha! Simu ikaeleza: Mke wangu hajapata kuniona nikiwa kazini.

Mzee aliukaza mkanda wa kofia. Akafuta kizibao kwa kiganja. Akasimama wima, visigino pamoja, kijiti cha taa ubavuni, kidevu juu, kama aliyesimama mbele ya jukwaa la heshima siku ya gwaride. Vijana ndani ya shimo waliacha sepetu. Nilipiga mara moja, tena kwa haraka, kwa kuwa gari la kokoto lilikuwa linarudi nyuma na ilimbidi aliongoze. Nikamwahidi kwamba kesho nitamletea picha ya karatasi. Simu ikanijibu kwa niaba yake: Kesho, hapa.

Jioni ya pili nilikwenda katika duka moja la yale yasiyofungwa usiku wala mchana, ambayo Japani yanapita 50,000, na ambamo mna mashine za kuchapa picha kwa sarafu chache. Sikuweza kuisoma mashine. Msichana wa dukani akaja kunisaidia, mchangamfu, na kwa kuwa sasa nilikuwa mtu wa adabu nikamwomba ruhusa nimpige picha. Nikamweleza kwamba ninakusanya sura za Wajapani. Alicheka akaziba mdomo. "Mimi ni wa Nepal," alisema. Maduka hayo usiku yamejaa vijana wa Nepal, Vietnam na kwingineko wanaosoma mchana. Hata hivyo alisimama vizuri, nikampiga.

Picha ya mzee ikatoka polepole mdomoni mwa mashine, na hapo ndipo nilipoona kile ambacho kioo kidogo cha kamera kilikuwa kimenificha. Mkono wangu ulitetemeka kwa baridi. Kofia ilionekana. Mabega yalionekana, na ule wima wake. Kijiti kilichora mstari mwekundu ubavuni. Uso ulikuwa ukungu mtupu, hauna jicho wala mdomo.

Nikasema hapana neno, nitampiga nyingine. Saa sita kamili, kwa Kiswahili cha mkononi mwangu, nilikuwa Koshu Kaido mahali pale pale.

Barabara ilikuwa nyeusi, laini, mistari yake imechorwa upya. Hakuna uzio, hakuna taa, hakuna shimo. Magari yalipita juu ya mahali aliposimama. Kama si alama ya lami mpya ningalidhani nimepotea. Huenda mzee alisema kwamba kesho kazi itakuwa imekwisha hapa, na simu ikachukua maneno mawili ikaacha mengine. Nilitembea usiku huo hadi miguu ikauma, nikifuata kila taa nyekundu niliyoiona kwa mbali. Niliwaona walinzi watatu, wazee wote, nikawasalimu wote. Hakuwa yeye. Usiku uliofuata nilikwenda tena, na uliofuata huo pia, mpaka mafunzo yakaisha.

Nyumbani, shemeji alizipokea picha kwa ukaguzi wa kipolisi. Viatu. Visogo. Kundi la wanafunzi wenzangu mbele ya hekalu. Msichana mmoja, mzuri, wa Nepal. "Na Wajapani wako wapi?" akauliza. Nikampa ile ya ukungu, nikajiandaa kueleza habari ya baridi na gari la kokoto.

Hakuniuliza habari ya uso. Shemeji huyu amesimama miaka kumi na mitatu kwenye mizunguko ya barabara za Kampala, mvua na jua, kabla ya kupandishwa cheo. Aliisogeza picha karibu na dirisha, akaitazama tangu kofia hadi visigino.

"Alikuwa zamu?" akauliza.

"Zamu ya usiku."

"Amesimama vizuri," akasema, akaenda kumwita dada yangu aje aione.